Unguja: tujenge juu au tuendelee kukata mashamba?

Mkaazi wa Fuoni

Assalaam alaykum jamaa. Kila baraza nikikaa nasikia neno lile lile: mji umejaa, watu warudi shamba. Mimi nasema mji haukujaa, mji umehama.

Tazameni sensa. Mwaka 2012 Wilaya ya Mjini ilikuwa na watu 223,033. Ile ya 2022 imeikuta na kama 219,000. Imepungua! Lakini Mkoa wa Mjini Magharibi mzima umetoka 593,678 ukafika 893,169. Hao laki tatu kasoro kidogo wako huku kwetu: Fuoni, Tomondo, Kwarara, Kisauni, Kianga. Nenda saa moja asubuhi ukaone dala-dala zinavyogombaniwa, wote wanakwenda Darajani na Mwanakwerekwe, maana kazi na masoko hayakuhama pamoja na watu.

Na tumekaa juu ya nini? Eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi. Babu kafa, wajukuu wamegawana, kila mmoja kamwita dalali. Mikarafuu na minazi imekatwa, vimebaki vijiwe vya mipaka. Kila nyumba ina karo lake, yaani shimo la maji machafu, na karo linanyonya kule kule chini tunakochimba visima. Kisiwa hiki hakina mto wa kuutegemea. Chemchem za Mtoni na Bububu zinanywesha mji tangu enzi za Sayyid Barghash, na msitu wa Masingini unaozilinda umeshazungukwa na mabati.

Hoja yangu: mashamba yasikatwe tena viwanja katika ukanda wa maji, na watu wajengewe maghorofa.

Bi Mkubwa wa Michenzani

Mwanangu, maghorofa sisi tumeyaonja. Haya majumba mnayoyaita treni yalianza enzi za Mzee Karume, kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, na wakati ule kupewa fleti ilikuwa neema kubwa. Mimi niko juu. Maji hayapandi, namlipa kijana anipandishie madumu. Umeme ukikatika ngazini kiza, na mguu wangu nnaujua mwenyewe.

Ngoja nikwambie la msiba. Jeneza likishushwa, vijana wakifika kwenye kona ya ngazi inabidi walinyanyue upande mmoja mpaka linakaribia kusimama, na sisi wanawake juu tunasoma huku roho mkononi. Aliyechora ramani hakumuuliza mtu huku watu wanazikana vipi. Na uani je? Nguo, mkaa, mtoto wa kutambaa, wageni wa hitma, vyote hivyo utaviweka wapi? Sikatai kujenga juu. Lakini anayejenga aanze na pampu, na ngazi pana.

Fundi wa Tomondo

Bi Mkubwa kamaliza, mimi naongeza la fedha. Mtu wa kipato changu hujenga kwa pumzi: mwaka huu msingi, mwakani matofali, mabati Mungu akijaalia. Ile nyumba ndiyo benki yangu. Ghorofa haijengwi hivyo, inataka fedha yote mara moja. Huko Fumba wanajenga mji mpya mzuri, napita naona, lakini mwalimu wa skuli ataingia na mshahara gani?

Mtu wa Wete

Kabla hamjamaliza kugawana, naomba mtutazame na sisi. Pemba tulikuwa 406,848 mwaka 2012, sasa 543,441. Ni ongezeko la asilimia 34 hivi, wakati Mjini Magharibi imeongezeka asilimia 50. Kwetu watoto hawazaliwi wachache, yakhe, mtu yeyote aliyekaa Pemba anajua hilo. Wanapanda boti. Akimaliza skuli, kijana anayetafuta ajira au chuo anaiangalia Unguja, au Dar es Salaam, au Tanga. Mkishajenga hayo maghorofa yenu tutakuja kuyajaza sisi, halafu mtasema tena mji umejaa. Fedha ya ghorofa moja ikiletwa Chake na Wete kama bandari na ajira, viwanja vya Kwarara vitapumua.

Mkaazi wa Fuoni

Shikamoo Bi Mkubwa. La ngazi na pampu nalikubali lote, na liwe sharti. Ndugu yangu wa Wete, hoja yako nzito, lakini haifuti yangu. Hebu tazama Kusini Unguja, ambako mji haujafika sana: kutoka 115,588 mpaka 195,873. Kwa asilimia imetupita sisi! Ajira ya hoteli za Paje na Jambiani imewavuta watu, naam, kama unavyosema. Lakini walipofika wamekaa vipi? Vile vile: kiwanja, karo, kisima. Ajira ikija Wete bila mpango wa makaazi, baada ya miaka kumi mtakuwa na Fuoni yenu.

Halafu tuhesabu gharama ya kutandaa. Nyumba moja moja iliyokaa mbali inataka nguzo yake ya umeme, bomba lake, njia ya gari ya wagonjwa. Sisi tumeshakaa, Serikali inatufuata nyuma ikihema. Skuli inajengwa, ikifunguliwa tayari watoto wanaingia kwa mikondo miwili, wengine asubuhi, wengine mchana.

Kijana wa Kwarara

Kiwanja kinachofuata changu kiliuzwa mara mbili. Hilo nalo mlijadili.

Fundi wa Tomondo

Kweli, na wa pili ndiye aliyejenga.

Mimi nitakuunga mkono, Fuoni, kwa masharti mawili. Kwanza fleti ziuzwe kidogo kidogo, kwa miaka mingi, kama tunavyonunua matofali. Pili, ianziwe ardhi ya Serikali iliyo mjini, si kumtoa mtu kwenye urithi wake. Mpaka hayo yatokee, mimi nna msingi wangu Kianga na mabati nataka yawe juu kabla ya masika.