Tupeane uzoefu: kuipa PS4 intaneti kupitia laptopu

Mkomani_Juu: Kuta za matumbawe za Mji wa Kale wa Lamu ni nene, na waifai inayoshika vizuri juu darini huwa imekufa ikifika chumba cha chini. Laptopu ikae palipo na mtandao, waya ushuke hadi kwenye PS4, mashine ya michezo ya video. Wenye kuijua kazi hii watoe hatua zao.

Fundi wa Langoni: Windows 10 na 11 ni njia moja. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl. Bofya kulia kwenye Wi-Fi, ingia Properties, kisha Sharing, weka tiki ya kwanza. Ukiulizwa, chagua Ethernet, yaani tundu la waya wa mtandao (LAN). Wengi hukosea hapa wakaiweka tiki kwenye Ethernet yenyewe. Tiki hukaa kule intaneti inakotoka. Kwenye PS4 chagua waya wa LAN, halafu Easy. Ikipata anwani inayoanza na 192.168.137, mambo tayari. Waya wa kawaida wa Cat5e unatosha, hadi mita 100. Laptopu isiyo na tundu la LAN itataka adapta ya USB.

Malindi_Kando ya Bahari: Bila waya, washa Mobile hotspot ya Windows, inayoifanya laptopu irushe waifai yake. PS4 ya kwanza, ile ya 2013, inaona masafa ya waifai ya 2.4 GHz peke yake, kwa hiyo hotspot ikiwa kwenye 5 GHz haitaonekana kabisa. Tena redio moja ya laptopu inapokea na kurusha kwa zamu, kasi inashuka kama nusu. Ndugu zangu, kwa mechi za mtandaoni tumieni waya. Faida moja kubwa: waifai za nyumba za wageni zinazotaka uingie kwanza kwa ukurasa wa nywila, laptopu inaingia na PS4 inapita nyuma yake.

Fundi wa Langoni: Naongeza. Laptopu ikizimwa na kuwashwa, mara nyingi tiki ipo lakini intaneti haipiti. Itoe, funga, iweke upya. Zima pia usingizi wa laptopu, maana ikilala mechi imekatika.

Mkomani_Juu: Na PS4 ikionyesha NAT Type 3, yaani muunganisho uliobanwa?

Fundi wa Langoni: Hiyo ni kwa sababu data inapita milango miwili, laptopu na ruta. Kupakua hakuathiriki, kinachosumbua ni maongezi ya sauti na kuungana na baadhi ya wachezaji.

Malindi_Kando ya Bahari: Wa bando, zimeni masasisho ya kujipakua ndani ya PS4 yenyewe. Kuweka kikomo cha data kwenye laptopu hakuizuii PS4.