Je, mchezo wa kompyuta wenye maandishi mengi ni kusoma?

Muulizaji, Mwanjelwa, Mbeya:
Ndugu wadau, kijana wangu wa kidato cha tatu hushinda na Disco Elysium, mchezo wa upelelezi wa mwaka 2019 ambao badala ya mapigano ya kawaida umejaa mazungumzo marefu ya Kiingereza. Je, huko ni kusoma, au anapoteza muda?

Mdau, Kihesa, Iringa:
Ni kusoma, mzee wangu, tena kwa makini, kwa sababu asiyeelewa maneno ya shahidi huchagua jibu baya na kujifungia njia ya upelelezi. Riwaya haimwadhibu msomaji anayeruka aya.

Mdau, Njombe:
Nakubali nusu tu. Toleo la 2021 liliwekewa sauti kwa wahusika wote, hivyo huenda kijana anasikiliza bila kusoma. Isitoshe, mhusika mkuu ni polisi mlevi, na lugha yake (nasema kwa adabu) ni ya watu wazima. Ningempa Planescape: Torment ya 1999, ambayo sehemu kubwa ya mazungumzo yake haina sauti.

Mdau, Tukuyu:
Kabla ya kumbadilishia, mwombe akusimulie kesi hiyo kwa Kiswahili, kuanzia maiti iliyoning'inia mtini. Akishindwa, utajua alikuwa akibonyeza tu.