Tupeane uzoefu: beki aliyekufundisha kuutazama mpira wa Kimarekani

Ndugu zangu, naomba kila anayeufuatilia mchezo huu aeleze ni beki gani aliyemfungua macho.

Kwangu ni Ed Reed. Nilipohamia Maryland, mzee mmoja tuliyekuwa tukitazama naye mechi za Baltimore Ravens aliniambia niuache mpira na nimwangalie namba 20 peke yake. Reed alisimama nyuma kabisa, mabega ameyaelekeza upande mmoja kana kwamba ndio anaoulinda, na mrushaji pasi wa wapinzani alipoinua mkono kupeleka pasi upande wa pili, alimkuta Reed yuko njiani kuelekea huko huko. Mara nyingi hayo yote yalitendeka nje ya picha ya televisheni, hivyo ilibidi kusubiri marudio yaliyopigwa kutoka juu ndipo mtu aelewe alichokifanya.

Ravens walimchukua mwaka 2002 kutoka Chuo Kikuu cha Miami. Alistaafu akiwa amenasa pasi 64 za wapinzani na kukimbia nazo yadi 1,590, ambazo ni nyingi kuliko za mchezaji mwingine yeyote. Mwaka 2008, dhidi ya Philadelphia, alinasa pasi ndani ya eneo la goli la timu yake mwenyewe, mahali ambapo mabeki wengi wangepiga goti ili timu ianzie salama kwenye yadi ya 20, naye akakimbia yadi 107 hadi upande wa pili wa uwanja na kufunga. Februari 2013 alitwaa Super Bowl, yaani fainali ya ligi, mjini New Orleans, katika jimbo lake la Louisiana, na usiku huo pia alinasa pasi moja.

Mchangiaji wa kwanza:
Asante mtoa mada. Mimi nilichanika kano ya goti nikicheza soka chuoni, kwa hiyo nitamtaja Rod Woodson wa Pittsburgh Steelers. Goti lake lilichanika katika mechi ya kwanza ya msimu wa 1995 alipojaribu kumwangusha Barry Sanders, mkimbiaji wa Detroit, lakini klabu haikumfuta kwenye orodha ya wachezaji wa msimu huo, na Januari 1996 akarudi kucheza Super Bowl. Alipoipangua pasi iliyokuwa ikimwendea Michael Irvin, mpokeaji wa Dallas, alisimama akalionyesha goti lile kwa kidole. Nikiwa katika mazoezi ya kujinyoosha, nilikitazama kipande hicho karibu kila jioni. Steelers walishindwa siku ile, lakini Woodson alicheza hadi mwaka 2003, akiwa amehamia nafasi ya beki wa nyuma, na akamaliza na pasi 71 alizonasa, 12 kati yake zikizaa mabao, rekodi ambayo ni yake mpaka leo.

Mchangiaji wa pili:
Darrell Green. Misimu 20, yote akiwa na timu ya Washington. Baba yangu mdogo, aliyekuwa akiishi huko, bado anatusimulia jinsi kijana huyo mfupi alivyomfukuza Tony Dorsett, mkimbiaji wa Dallas, kutoka nyuma na kumkamata, katika mechi yake ya kwanza, mwaka 1983.