Supu nzito ya Kichina ya futari, uzito unashikaje?

Mama wa Kisauni: Assalaam aleikum jamani, nataka kupika ile supu ya Kichina ya kuku na mahindi, ile nzito yenye yai kama nyuzi. Konflawa naitia saa ngapi isifanye mabonge? Na yai je?

Kibokoni Jikoni: Waaleikum salaam dada. Konflawa ikoroge na maji BARIDI kwanza, kisha supu ikiwa inatokota unamimina kidogo kidogo huku unakoroga mpaka ishike upawa. Yai ndo la mwisho, punguza moto, limwage kama uzi mwembamba kisha koroga polepole, maana supu ikishakuwa nzito nyuzi zinaelea hazizami chini.

Yakhe wa Likoni: Wachina supu nzito kama hii huiita geng, nao wameanza zamani mno. Hangzhou, mji wa huko Uchina, kuna ya samaki yasifika tangu enzi ya wafalme wa kale wa Song, samaki anapikwa kwa mvuke, anachambuliwa miba, halafu siki na tangawizi. Wenyewe hutia na nyama ya nguruwe, sisi hiyo tunaipita, mie naona changu atafaa sana.

Mama wa Kisauni: Na ile kali yenye uchachu?

Kibokoni Jikoni: Ukali wake ni pilipili manga nyeupe, si pilipili mbuzi wallahi 😂 Siki tia ukishaepua, ikichemka sana harufu yote inaruka na uzito nao unalegea.