REET Ngazi ya 1 imepita, sasa mtihani wa ajira ya ualimu Rajasthan: muda uwekwe wapi?

Kalamu_Bluu

Wakuu, habari za humu. Wifi yangu yuko Jodhpur, jimbo la Rajasthan, India, ana D.El.Ed, diploma ya ualimu wa msingi (kule wengi bado wanaiita BSTC), na REET Ngazi ya 1, mtihani wa kustahiki kuwa mwalimu, ameshapita. Sasa anajiandaa na mtihani wa pili, ule wa kuajiriwa kufundisha darasa la 1 hadi la 5, unaosimamiwa na RSSB, bodi ya ajira ya jimbo iliyoko Jaipur. Ana miezi minne, na kwa siku anapata saa tatu tu za kusoma kwa utulivu.

Anaendelea na vitabu vilevile vya REET: saikolojia ya Piaget na Vygotsky, mbinu za kufundishia, hesabu. Kwenye moko saikolojia anaijibu vizuri sana lakini jumla haipandi. Je, anakosea kugawa muda? Swali asilolijua aliache au abahatishe? Na kuna mtu kamwambia B.Ed (shahada ya ualimu) ingemwongezea nafasi, ni kweli? Kama kuna mitego kwenye makaratasi pia naomba mnijuze.

---

ChakiNyeupe

Dada Kalamu, jumla haipandi kwa sababu anasomea mtihani alioumaliza. REET ni mtihani wa kustahiki: maswali 150, alama 150, mafungu matano ya 30 kila moja (makuzi ya mtoto, lugha mbili, hesabu, mazingira). Mtu wa kundi la kawaida akifikisha asilimia 60 amemaliza, na cheti siku hizi ni cha maisha. Alama zake hazimfuati kwenye mtihani wa ajira. Aliyepata 92 na aliyepata 130 wanaanza mstari mmoja.

Mtihani wa pili una maswali 150 pia, dakika 150, lakini kila swali lina alama 2, jumla 300. Mgawanyo wa Ngazi ya 1 ni huu:

Jiografia, historia, utamaduni na lahaja za Rajasthan: alama 100
Maarifa ya jumla ya Rajasthan, hali ya elimu ya jimbo, sheria ya haki ya elimu na matukio ya sasa: alama 80
Masomo ya shule (Kihindi, Kiingereza, hesabu, sayansi, maarifa ya jamii): alama 50, yaani 10 kila somo
Ufundishaji wa masomo hayo matano: alama 40, yaani 8 kila somo
Saikolojia ya elimu: alama 20
Teknolojia ya habari: alama 10

Mwambie aitazame saikolojia hapo. Ni maswali 10. Hata akiyapata yote, ni alama 20 kati ya 300. Hesabu, ambayo watu huipa saa nzima kila siku, ni maswali matano. Mafungu mawili ya juu yana alama 180, na ndiyo yanayoamua nani anapangiwa shule.

Kwa saa tatu zake, mbili ziende Rajasthan kila siku bila kuruka. Ile ya tatu azungushe: leo ufundishaji, kesho Kihindi na Kiingereza, keshokutwa hesabu na sayansi. Saikolojia alishaiva, arudie mara moja kwa wiki asisahau. Teknolojia ya habari wikiendi mbili zinatosha.

Kuhusu B.Ed: kwa Ngazi ya 1 haimsaidii kitu. Mahakama ya Juu ya India iliamua Agosti 2023, kwenye kesi iliyotokea hukohuko Rajasthan, kwamba B.Ed si sifa ya kufundisha madarasa ya msingi. D.El.Ed yake ndiyo inayotakiwa. Asipoteze ada.

---

Ramani_Mezani

Naunga mkono hapo juu, ila "soma Rajasthan" peke yake haitoshi, maana hapa ndipo vitabu vya zamani vinawaangusha watu.

Kwanza wilaya. Jimbo lilikuwa na wilaya 33 na kanda 7. Mwaka 2023 zikaongezwa zikafika 50, kanda zikawa 10. Tarehe 28 Desemba 2024 serikali ikafuta wilaya 9 na kanda 3 (Sikar, Pali na Banswara). Kwa hiyo sasa ni wilaya 41, kanda 7. Sokoni kuna vitabu vya matoleo yote matatu, na jalada halikwambii. Afungue ukurasa wa utawala kabla hajalipa: akikuta 50 au 33, akirudishe rafuni.

Wilaya mpya zilizobaki ni 8: Balotra, Beawar, Deeg, Didwana-Kuchaman, Khairthal-Tijara, Kotputli-Behror, Phalodi na Salumber. Kuzikariri majina ni kazi ya dakika tano. Kazi yenyewe ni kuhamisha vitu vilivyomo ndani yake. Ziwa la chumvi la Pachpadra alilisoma Barmer, sasa liko Balotra. Khichan, kijiji cha korongo wahamiaji, kilikuwa Jodhpur, sasa ni Phalodi. Kasri la Deeg lilikuwa Bharatpur. Ziwa la Didwana lilikuwa Nagaur. Achukue ramani tupu ya wilaya 41, aichore kwa mkono mara moja kwa wiki: mito siku moja, maziwa siku nyingine, madini, kisha mahekalu na maonyesho ya jadi. Akiona wilaya ambayo hana cha kuandika ndani yake, hapo ndipo pa kusoma.

Halafu aelewe maswali yanavyotungwa. Ni nadra kuulizwa tu "vita vya Khanwa vilikuwa mwaka gani". Utapewa Khanwa (1527), Haldighati (1576) na Dewair (1582), uambiwe uzipange, au uoanishe kila vita na mtawala wake. Kwa hiyo anayekremu mwaka mmoja mmoja huchanganyikiwa. Aandike kwa majedwali. Mfano mzuri ni kuungana kwa jimbo katika hatua saba, kuanzia Machi 18, 1948 hadi Novemba 1, 1956. Safu nne zinatosha: hatua, tarehe, makao makuu, waziri mkuu. Hatua ya kwanza, Matsya: Machi 18, 1948, Alwar, Shobha Ram Kumawat. Hatua ya pili: Machi 25, Kota, Gokul Lal Asawa. Ya tatu: Aprili 18, Udaipur, Manikya Lal Verma. Ya nne: Machi 30, 1949, Jaipur, Hiralal Shastri. Hatua hizi nne peke yake zinatoa maswali ya kutosha kumkosesha mtu usingizi, hasa ya kwanza na ya pili ambazo zimepishana wiki moja. Sirohi nayo ina mtego wake: iliingia Januari 26, 1950 bila Abu na Delwara, ambazo zilikuja mwisho kabisa, 1956.

Mtindo huohuo autumie kwa miungu ya kienyeji (jina, mahali, mnyama wake, siku ya maonyesho), michoro (mchoro na mji wake: Phad na Shahpura, Bani Thani na Kishangarh) na harakati za wakulima. Harakati ya Bijolia, 1897 hadi 1941, ana haja ya kujua nani aliongoza kipindi gani, si jina la Vijay Singh Pathik peke yake.

Lahaja zisidharauliwe. Wifi yako akiwa wa Jodhpur, Kimarwari anakijua. Ila ataulizwa Wagdi inazungumzwa wapi (Dungarpur na Banswara), Hadoti wapi (Kota, Bundi, Baran, Jhalawar), Dhundhari wapi (Jaipur na jirani). Kuzungumza lahaja moja hakukupi jibu la hizo nyingine.

---

Kiduara_E

Mimi nijibu la kubahatisha, maana hapa watu wanapoteza alama ambazo tayari walikuwa nazo.

Karatasi ya majibu ya RSSB (OMR, ile inayosomwa na mashine) ina viduara vitano kwa kila swali. A hadi D ni majibu. E maana yake "sijibu swali hili". Jibu sahihi ni alama 2. Jibu baya linakata theluthi ya alama za swali, yaani 0.67. Kujaza E ni sifuri, hukatwi. Kuacha viduara vyote vitano vitupu unakatwa 0.67 kama aliyekosea. Na ukiacha hivyo kwa zaidi ya asilimia 10 ya maswali, yaani zaidi ya 15, unaondolewa kabisa hata ungekuwa umepata mengine yote.

Sasa hesabu. Ukibahatisha kipofu kati ya majibu manne, kwa wastani unapata 0.5 na unakatwa 0.5. Hupati, hupotezi. Ukiweza kufuta jibu moja kwa uhakika, ukabaki na matatu, wastani ni faida ya 0.22 kwa swali. Ukifuta mawili, faida ni 0.67. Kanuni yangu: umefuta angalau moja, jibu. Hujafuta hata moja, weka E uendelee.

Wapo watakaosema jibu yote kwa kuwa wastani ni sifuri. Kwenye makaratasi ni sawa, lakini mtu anayebahatisha maswali 30 kipofu anaweza kupanda au kushuka alama nyingi siku hiyohiyo, na ukiwa karibu na mstari wa kuchaguliwa hiyo ni kamari. Aliye nyuma sana kwenye moko acheze akitaka. Aliye karibu asicheze.

Kosa la mkono: mtu anaruka swali la 47 akisema atalirudia, hajazi kitu, kisha jibu la 48 analiweka kwenye mstari wa 47. Anakuja kugundua yuko la 90. Kalamu ya wino haifutiki. Aweke alama ya penseli au nukta kwenye kijitabu cha maswali, si kwenye OMR, na kila baada ya maswali 10 athibitishe namba ya swali na namba ya mstari. Mwishoni kuna dakika 10 za ziada kwa ajili ya kuhakiki hicho kiduara cha tano. Hizo zitumike kutafuta mistari mitupu tu, asianze kufikiria maswali upya.

Moko zote afanyie kwenye OMR iliyochapishwa, kwa kalamu ya bluu. Kufanya kwenye simu kunampa alama za uongo, kwa sababu simu haimwachii nafasi ya kukosea mstari.

---

Kalamu_Bluu

Asanteni sana, jedwali la wilaya nimeshamtumia. Kumbe alikuwa anaacha matupu akidhani ni salama. Vipi sheria ya haki ya elimu, anasoma kifungu kwa kifungu au muhtasari unatosha? Na hilo la matukio ya sasa anaanzia wapi?

---

ChakiNyeupe

Asome sheria yenyewe, si ndefu. Ila macho yakae kwenye namba na kwenye jedwali la mwisho la sheria, maana huko ndiko kwenye maswali. Mfano: "Shule ya darasa la 1 hadi la 5 ina watoto 22, walimu wangapi?" Aliyekariri uwiano wa 30 kwa 1 atajibu mmoja. Jedwali linasema hadi watoto 60 ni walimu wawili. 61 hadi 90 ni watatu, 91 hadi 120 wanne, 121 hadi 200 watano, na watoto wakizidi 150 anaongezwa mwalimu mkuu.

Nyingine zinazojirudia: siku 200 za kazi na saa 800 za masomo kwa mwaka kwa darasa la 1 hadi la 5, siku 220 na saa 1,000 kwa la 6 hadi la 8, saa 45 za mwalimu kwa wiki, maandalizi yakiwamo, asilimia 25 ya nafasi kwenye shule binafsi, kifungu cha 12, kamati ya shule ambayo robo tatu ni wazazi na nusu ya wajumbe ni wanawake, kifungu cha 21. Sheria ni ya 2009, ila ilianza kutumika Aprili 1, 2010. Majibu yote mawili huwekwa kwenye chaguzi, kwa hiyo asome swali limeuliza ipi.

Matukio ya sasa: mipango ya serikali ya jimbo kuhusu elimu kwanza, na aangalie jina. Serikali ilibadilika Desemba 2023 na mipango kadhaa ikapewa majina mapya. Ule wa maziwa shuleni, Bal Gopal, sasa una jina la Pannadhay mbele. Ya kudumu kama tuzo ya Gargi Puraskar ayajue kwa undani: wasichana waliopata asilimia 75 na zaidi darasa la 10, awamu mbili za rupia 3,000 kila moja, hutolewa sikukuu ya Basant Panchami.

---

Faili_Kamili

Makaratasi, kwa ufupi, maana wifi ameolewa na hapo kuna jambo.

Kama anaomba kwa kundi la OBC au MBC (tabaka za nyuma zinazotengewa nafasi), cheti cha tabaka kiwe kimetolewa kwa jina na makazi ya baba yake, si ya mume. Cha upande wa mume hukataliwa wakati wa uhakiki, baada ya mtihani kuupita. Cheti hicho kinahesabiwa mwaka mmoja. Kikizidi hapo, huambatanishwa na kiapo cha kuwa bado hajaingia kundi la wenye kipato kikubwa, na hakivuki miaka mitatu. Aangalie tarehe ya kutolewa dhidi ya siku ya mwisho ya maombi.

Usajili wa RSSB ni wa mara moja kupitia akaunti ya SSO, tovuti ya huduma za jimbo: rupia 600 kundi la kawaida, 400 makundi maalumu. Ukishalipia hulipi tena kila mtihani, na ndiyo maana watu huomba kila kitu kinachotangazwa. Asifanye hivyo. Akikosa kutokea kwenye mitihani miwili ndani ya mwaka mmoja wa fedha, usajili unafungwa mpaka alipe rupia 750.

Jina, jina la baba na tarehe ya kuzaliwa vifanane herufi kwa herufi kati ya cheti cha darasa la 10, Aadhaar (kitambulisho cha taifa) na fomu. Kama Aadhaar ilibadilishwa ukoo baada ya ndoa, alishughulikie sasa, asisubiri kadi ya kuingilia itoke. Siku yenyewe lango hufungwa saa nzima kabla ya mtihani.