MJADALA: Ukisema "Mungu amenipa mstari huu," je, kanisa lina haki ya kukuambia umesikia vibaya?

Wapendwa, naleta hoja ambayo najua itawagusa wengi. Naomba tujibizane kwa upendo, Biblia zikiwa wazi.

Kuna sentensi moja inayofunga mazungumzo yoyote kati ya Wakristo: "Mungu amenipa mstari." Mtu kafungua Biblia bila kupanga, au neno la leo limeingia kwenye simu, macho yakatua mahali, moyo ukachomwa, basi. Kwa mstari huo anaoa au anavunja uchumba, anaacha kazi, anaanzisha huduma. Wapo wanaoacha dawa. Ukimuuliza kwa upole kama amesoma sura nzima, unaonekana mtu wa mwilini usiyejua mambo ya Roho.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Naamini Mungu husema kwa Maandiko, leo, na mtu mmoja mmoja kwa jina lake. Imani yangu yote imesimama hapo. Ila anayedai amemsikia Mungu katika mstari lazima akubali kuulizwa mstari ule unasema nini pale ulipoandikwa. Na kama alichosikia kinapingana na pale, ndugu zake wana haki, tena wana wajibu, wa kumwambia kwamba hiyo ni sauti yake mwenyewe.

Nianze na mstari unaopendwa kuliko karibu yote, Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Umeandikwa kwenye kadi za mahafali, kwenye kuta za sebule, kwenye mabango ya mikesha ya mwaka mpya. Kila mara ujumbe ni ule ule: mwaka huu unatoka, mlango unafunguka, subiri kidogo tu.

Sasa rudi nyuma sura moja. Yeremia 28. Mfalme Yekonia na sehemu ya watu wamekwisha kuchukuliwa mateka Babeli, pamoja na vyombo vya hekalu. Yeremia anatembea Yerusalemu amevaa nira shingoni kuonyesha kwamba utumwa huo bado unaendelea. Anatokea nabii mwingine, Hanania, anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote na kutangaza kwa jina la Bwana kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vitarudi na mateka watarudi. Jibu la Yeremia linanigusa kila ninapolisoma. Anasema, Amina, Bwana na afanye hivyo. Alitamani iwe kweli! Hakuwa mtu anayefurahia habari mbaya. Hanania akaiondoa ile nira shingoni mwake, akaivunja mbele ya watu wote, na Yeremia akaenda zake. Baadaye neno la Bwana likamjia likimkanusha Hanania, na mwaka ule ule Hanania akafa.

Ndipo inakuja sura ya 29, barua kwa wale mateka. Inawaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani, waoe na kuozesha, wauombee amani mji ule ule uliowateka. Inawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao. Mstari wa 10 unataja muda: miaka sabini. Mstari wa 11 unafuata hapo hapo.

Fikiria mtu wa miaka arobaini anayesomewa barua ile kule Babeli. Anapiga hesabu na kujua kwamba atazikwa ugenini. Tumaini analopewa watalishika watoto wake na wajukuu wake. Yeye ameitwa kupanda miti kwenye udongo ambao hakuuomba.

Kwa hiyo anayechukua Yeremia 29:11 na kuhubiri kwamba ndani ya muda mfupi unatoka, ameshika mstari wa Yeremia na kuhubiri mahubiri ya Hanania. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu watu hubomoka. Muda unapita, mlango haufunguki, na mtu anahitimisha kwamba Mungu amemdanganya, kumbe Mungu hakusema vile tangu mwanzo.

Je, mstari huo basi haumhusu mama anayesubiri mtoto, au kijana anayezunguka na vyeti? Unamhusu sana. Unamwambia kwamba Mungu hajawasahau watu aliowaambia wajenge maisha mahali wasipopataka, na kwamba kujenga huko hakumaanishi wamekata tamaa. Hilo ndilo neno la kumshika mtu miaka kumi. Lakini hulisikii mpaka ukubali kusoma na ule mstari wa miaka sabini ambao hukuutaka.

Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," sitaukalia sana. Soma mistari miwili iliyotangulia uone Paulo anayaweza mambo gani: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Njaa imo kwenye orodha.

Na tusisahau nani alikuwa hodari wa kutoa mstari kwa wakati wake. Katika Mathayo 4 Ibilisi ananukuu Zaburi 91, malaika watakuchukua mikononi. Maneno ni ya Biblia kabisa. Yesu hakukana kwamba zaburi ile ni neno la Mungu. Alijibu kwa andiko lingine, Kumbukumbu la Torati 6:16, linalokataza kumjaribu Bwana. Andiko lilipimwa kwa andiko.

Niingie kwenye hoja za upande wa pili. Nimezisikia mara nyingi, na baadhi zina uzito.

Ya kwanza ni Agostino, yule askofu na mwalimu mkubwa wa kanisa la kale. Kila ninapoileta mada hii, kuna anayeniuliza: si Agostino aliokoka kwa kufungua kitabu popote? Ni kweli, mwaka 386, bustanini Milano, alisikia sauti kama ya mtoto ikiimba chukua usome, akafungua, akakutana na Warumi 13:13-14. Lakini tazameni kwa karibu. Kitabu kile kilikuwa nyaraka za Paulo, alizokuwa akizisoma na kupambana nazo tangu kabla ya siku ile. Mistari ile inasema waziwazi kuacha ulevi na uasherati na kumvaa Kristo. Yeye akasikia nini? Aache uasherati amvae Kristo. Alichosikia ndicho kilichoandikwa. Na rafiki yake Alipio hakuridhika na mstari ule tu, aliendelea kusoma mbele, akakutana na neno la kumkaribisha aliye dhaifu wa imani, akalichukua kuwa lake. Isitoshe, miaka mingi baadaye, katika barua yake kwa Januario, Agostino huyo huyo alisema haipendi desturi ya watu kupiga kura kwa kurasa za Injili kuhusu mambo yao ya dunia hii. Mwaka 506 mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Agde, katika Ufaransa ya leo, uliwakataza makasisi na waumini kuyatumia Maandiko kupigia ramli. Msiniambie basi kwamba kuhoji jambo hili ni ubaridi wa kizazi hiki.

Ya pili ni hii: unaitwaa Biblia mikononi mwa watu wa kawaida na kuwarudishia wasomi. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa maana kanisa liliwahi kufanya hivyo na watu waliumia. Lakini sijataja Kigiriki popote hapa. Nimesema rudi sura moja nyuma. Hilo analiweza yeyote anayejua kusoma, na asiyejua kusoma anaweza kusomewa. Wakristo wengi wa kwanza hawakuwa na kitabu nyumbani. Walisikia kikisomwa kwa sauti mbele ya kusanyiko, na ndiyo maana Ufunuo 1:3 unambariki asomaye pamoja na wale wasikiao. Paulo anawaagiza Wakolosai waraka wao ukishasomwa kwao usomwe na Walaodikia. Waraka mzima! Hata hizi namba tunazozishikilia si za mitume. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ulitokana na kazi ya mwanateolojia Mwingereza Stephen Langton mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551. Ni msaada mzuri wa kutafutia mahali, na nazishukuru, ila zimetuzoesha kudhani kwamba Mungu husema kwa vipande vya maneno ishirini.

Tena angalieni nani anaumia. Anayeambiwa "Bwana amenipa mstari kuhusu wewe" na mtu mwenye cheo, atajiteteaje kama haruhusiwi kufungua sura na kuuliza? Waberoya walimsikiliza Paulo mwenyewe, mtume, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo, na Matendo 17:11 inawasifu kwa hilo. Kusoma kwa muktadha ndiyo silaha pekee ya mnyonge mbele ya mtumishi asiyetaka kuulizwa.

Ya tatu: Samweli alikuwa mtoto, hakusoma chochote, na alimsikia Mungu. Naam. Lakini mara tatu alidhani ni sauti ya Eli, na ni mzee Eli, pamoja na udhaifu wake wote, aliyemfundisha jinsi ya kuitika. Na neno la kwanza alilopewa lilikuwa hukumu juu ya nyumba ya mzee huyo aliyemlea. Alilala mpaka asubuhi akiogopa kulisema. Hiyo ni alama moja ninayoitazama sana ninapopima: je, neno hili liliniambia jambo ambalo sikwenda kulitafuta? Mfalme Yosia aliposomewa kitabu kilichoonekana hekaluni alirarua mavazi yake, kisha akatuma watu kwa Hulda nabii wa kike wakaulize. Mfalme alikubali kusaidiwa kusikia. Mwandishi wa kimonaki wa karne ya 12, Guigo wa Pili, alipopanga ngazi nne za kumsikiliza Mungu katika Maandiko, aliweka kusoma kwanza, ndipo kutafakari, kusali na kutulia mbele za Mungu. Sisi tunataka kuanzia ngazi ya juu.

Ya nne ndiyo ngumu. Mathayo 2:15 inachukua Hosea 11:1, "kutoka Misri nalimwita mwanangu," na kuiweka juu ya Yesu, wakati Hosea anazungumzia Israeli kutolewa Misri. Kama Mathayo alifanya hivyo, kwa nini mimi nisifanye? Jibu langu, na nipo tayari kusahihishwa, ni kwamba Mathayo hakunyofoa maneno. Anaisimulia hadithi nzima ya Israeli upya ndani ya Yesu: Misri, maji, siku arobaini jangwani, mlima. Anamsoma Hosea akiwa na hadithi yote mkononi, na anapofika ni kwa Kristo. Kutoka hapo hadi kuamua kwa mstari ule kwamba nipande ndege wiki ijayo ni mbali mno. Ila nakiri kwamba hoja hii haiishi kirahisi, na wenye kuijua zaidi wachangie.

Najua pia tutakumbushwa 1 Wathesalonike 5: "Msimzimishe Roho, msitweze unabii." Amina. Tusome na inayofuata: "jaribuni mambo yote; lishikeni lililo jema." Paulo ameyaweka pamoja kwa pumzi moja. Na Petro anaandika kwamba hakuna unabii katika maandiko upatao kufasiriwa kama apendavyo mtu fulani tu. Roho aliyemtia Yeremia nguvu ya kuandika miaka sabini hawezi kuniambia kwa mstari unaofuata kwamba ni miezi miwili.

Limebaki swali ambalo hata mimi linanisumbua. Wapo watu waliofarijiwa kweli kwa mstari waliousoma vibaya. Usiku wa kuamkia upasuaji, au baada ya msiba, mstari mmoja ukawashikilia wasizame, na leo wako imara katika imani. Siwezi kumwendea mtu huyo na kumnyang'anya mstari wake, na simwoni Mungu kuwa mchoyo kiasi cha kutomfikia mtoto wake kwa sababu hakusoma sura nzima. Lakini rehema aliyopewa mmoja usiku wa dhiki, je, tuigeuze kuwa njia ya kufundisha kanisa kusoma? Mimi nasema hapana. Wengine, hasa ninyi viongozi wa vikundi vya Biblia na wachungaji, mnafanyaje mtu akisimama kwenye ushuhuda na mstari wa namna hiyo? Mnamsahihisha pale pale, mnamwita pembeni baadaye, au mnaacha?

Karibuni. Na anayeona nimemwonea kwa habari ya Yeremia 29:11, aisome kwanza sura ya 28 yote, kisha anionyeshe mahubiri yake yanatofautianaje na ya Hanania.