Naomba ushauri: QEMU kwenye ARM imejengwa bila seccomp

Wakuu, habari zenu. Nipo Moshi, nafundisha vijana Linux. Kompyuta moja ni ya x86 (prosesa ya kawaida ya PC), nyingine ni vibodi vya ARM (prosesa kama za simu) maana vinakula umeme kidogo, na umeme wetu mnaujua. Kila kijana ana mashine pepe yake ndani ya QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe.

Kwenye x86 naiwasha QEMU kwa "-sandbox on,spawn=deny", inayotumia seccomp (kichujio cha kerneli cha kuizuia programu isiombe huduma fulani za kerneli) kuikataza isizindue programu nyingine. Nikifungua /proc/PID/status naona "Seccomp: 2", yaani kichujio kinafanya kazi. Kwenye ARM QEMU niliyonayo inaikataa opsheni hiyo, ilijengwa bila seccomp. Kerneli haina tatizo, CONFIG_SECCOMP_FILTER (mpangilio wake wa kuwezesha kichujio hicho) ipo.

Hili linaninyima raha. Mtu akipata tundu kwenye QEMU, hakuna kichujio cha kumzuia asizindue programu nyingine kwenye mashine mama, na humo ndimo zilimo kazi za wenzake wote.

Nataka kuijenga QEMU upya kwa --enable-seccomp nikishaweka libseccomp (maktaba ya seccomp). Mliowahi kufanya hivi kwenye ARM, nifunge pia elevateprivileges (kujiongezea mamlaka) na resourcecontrol (kubadili vipaumbele vya prosesa) moja kwa moja? Mtandao wangu unapita kwenye qemu-bridge-helper, kiprogramu ambacho QEMU hukizindua kwa mamlaka ya root ili kuunganisha mashine pepe na mtandao, nahofia utakwama. Au niiachie libvirt (programu ya kusimamia mashine pepe) ifungue tap, yaani kadi pepe ya mtandao, yenyewe?